Upambanuzi wa kimolekuli wa Salmonella

Upambanuzi wa kimolekuli wa Salmonella ni njia ya kutofautisha nasaba za bakteria wa jenasi Salmonella kwa kuchunguza DNA yao. Lengo lake ni kujua bakteria gani wana asili moja, wagonjwa gani wameambukizwa kutoka chanzo kimoja, na usugu wa dawa unaeneaje. Katika Afrika ya Mashariki umesaidia kuchunguza swali zito: je, Salmonella wanaoua watoto wadogo hutoka kwa mifugo au kwa watu?

Serovari

Jenasi hii ina spishi mbili, S. enterica na S. bongori. Kwa kutumia kingamwili zinazotambua sehemu za nje za bakteria, wataalamu wamewagawa katika serovari zaidi ya 2,500. Serovari Typhi husababisha homa ya matumbo (taifodi) na huambukiza binadamu tu. Typhimurium na Enteritidis hupatikana pia kwa kuku, ng'ombe, nguruwe na wanyama wengine.

Serovari peke yake haitoshi kufuatilia maambukizi. Watu wawili wenye jina moja si lazima wawe ndugu. Vivyo hivyo, wagonjwa wawili wenye Typhimurium wanaweza kuwa wameipata mahali tofauti kabisa.

Mbinu kuu

* PFGE: DNA ya bakteria hukatwa kwa kimeng'enya, kisha vipande hutenganishwa ndani ya jeli kwa umeme unaobadilishwa mwelekeo. Mistari inayotokea hulinganishwa. Mbinu hii ilibuniwa miaka ya 1980, na kwa muda mrefu ndiyo iliyotumika zaidi kuchunguza milipuko.
* MLST: husomwa sehemu za jeni saba. Kila mchanganyiko wa jeni hizo hupewa namba yenye herufi ST, kwa mfano ST19 au ST313. Kwa kuwa ni namba, maabara za nchi mbalimbali zinaweza kulinganisha matokeo kwa urahisi.
* Kusoma jenomu nzima: jenomu ya Salmonella ina takriban jozi za besi milioni 4.8. Jenomu kamili za Typhi na Typhimurium zilitangazwa mwaka 2001. Mbinu hii huonyesha hata tofauti ya besi moja, hivyo hutenganisha nasaba ambazo PFGE huziona kuwa sawa.

Matokeo katika Afrika ya Mashariki

Katika nchi nyingi, Typhimurium huleta kuhara kunakopona baada ya siku chache. Barani Afrika, kusini mwa Sahara, mara nyingi huingia katika damu, hasa kwa watoto wenye malaria, upungufu wa damu au utapiamlo, na kwa watu wenye VVU. Mgonjwa huwa na homa, pengine bila kuhara, na hudhaniwa kuwa na malaria.

Mwaka 2009 uchunguzi wa jenomu ya bakteria kutoka Malawi na Kenya ulionyesha kwamba wengi wao ni ST313, tofauti na ST19 iliyoenea duniani. Baadhi ya jeni za ST313 zimeharibika kwa namna inayofanana na Typhi, dalili kwamba huenda imezoea kuishi kwa binadamu. Mwaka 2012 iligunduliwa kuwa ina matawi mawili. Tawi la pili, lenye usugu dhidi ya kloramfeniko, lilichukua nafasi ya la kwanza.

Nchini Kenya, Samuel Kariuki na wenzake wa KEMRI walilinganisha kwa PFGE bakteria wa wagonjwa na wale wa wanyama walioishi karibu nao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 na 2006 yalionyesha kwamba wa wanyama kwa kawaida hawakufanana na wa wagonjwa. Hali hiyo ilielekeza kwenye maambukizi ya mtu kwa mtu, ingawa haikuondoa kabisa uwezekano wa chanzo cha wanyama.

Kwa Typhi, utafiti wa mwaka 2015 ulilinganisha jenomu zaidi ya 1,800 kutoka nchi 63. Karibu nusu zilikuwa za nasaba H58, iliyotoka Asia ya Kusini na kuingia Afrika ikiwa na usugu wa dawa kadhaa.

Umuhimu na vikwazo

Matokeo haya huongoza hatua za kinga. Chanzo kikiwa mifugo, mkazo huwekwa kwenye mabanda, machinjio na upikaji. Kikiwa watu, vyoo, maji safi na kunawa mikono hutangulia. Chanjo ya taifodi inayolenga ganda la Typhi haikingi dhidi ya ST313, ambayo haina ganda hilo.

Kikwazo kikubwa ni kwamba bakteria lazima kwanza waoteshwe kutoka kwenye damu au kinyesi. Vituo vingi vya afya vijijini hutegemea kipimo cha Widal, ambacho hupima kingamwili za mgonjwa na mara nyingi hutoa majibu yasiyo sahihi. Kipimo hicho hakiachi bakteria wa kuchunguzwa; kwa hiyo nasaba zinazozunguka katika maeneo hayo hubaki hazijulikani.

Tazama pia

* Bakteria
* DNA
* Homa ya matumbo