Buloni za inoksi: soma kichwa mbele ya kununua

Kwenye mitambo ya maji, tiyo mbili zinaungana kwa sahani zenye matundu. Buloni ndizo zinazikaza. Ikikatika moja, maji yanamwangika na mtaa unabaki na bidoni tupu.

Angalia maandishi ya kichwa. A2-70 inatosha kwa maji ya kawaida. Pale wanatia klore, chagua A4-80: iko na molibdeni, inavumilia zaidi. Ile 70 ni nguvu: nyutoni 700 kwa milimita mraba moja.

Usiamini sumaku peke yake, hata inoksi ya kweli inaweza kuvutwa kidogo.

Paka meno grisi ya kuzuia kushikana, maana ekru ya inoksi inaweza kukwama kabisa. Kaza polepole: moja huku, ingine ngambo.