Kapteni Johannes na Lugha ya Amri: Kutoka Meru hadi Songea, 1896–1906

Katika historia ya Arusha na Mlima Meru, jina la Kapteni Kurt Johannes hutajwa kwa kupita tu, katika aya moja au mbili, kisha msomaji hupelekwa upesi kwenye habari za walowezi, kahawa na reli. Hata hivyo, ni vigumu kuelewa jinsi Waarusha na Wameru walivyopoteza ng'ombe wao, viongozi wao na hatimaye sehemu ya ardhi yao bila kuifuata kazi ya mwanajeshi huyu. Ni vigumu pia kuielewa nafasi ya Kiswahili katika nchi za bara kaskazini, kwa kuwa Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi lake.

Jeshi lenyewe lilikuwa na asili ya ajabu. Mwaka 1889 Hermann Wissmann, ofisa wa jeshi la Prusia aliyezaliwa Frankfurt kando ya mto Oder mwaka 1853, alitumwa kuzima upinzani wa Abushiri na wenzake katika pwani. Alikuja na maofisa wa Kijerumani, lakini wapiganaji aliwakusanya Afrika: Wasudani walioajiriwa Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Machi 1891 kikosi hicho kilifanywa kwa sheria kuwa jeshi la Dola ya Ujerumani katika koloni. Nidhamu yake ilikuwa ya Kiprusia, ilhali vyeo vyake vilitoka Misri na Uturuki: ombasha, shaushi, soli, efendi. Askari aliyekwenda Moshi au Meru aliamriwa na Mjerumani, akajibu kwa cheo cha Kituruki, kisha akawageukia wenyeji kwa Kiswahili, ambacho mara nyingi hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao. Wanaosema kwamba Kiswahili kilienea bara kwa biashara na dini peke yake wanasahau njia hii ya tatu, na si kosa dogo.

Uchagani jeshi hilo lilipata upinzani mkali. Februari 1891 Wissmann alimshambulia Mangi Sina wa Kibosho. Juni 1892 Mangi Meli wa Moshi alikishinda kikosi cha von Bülow, na von Bülow mwenyewe akafa. Agosti 1893 Gavana von Schele alikuja na nguvu kubwa zaidi, akamshinda Meli. Johannes ndiye aliyekabidhiwa baadaye amri ya eneo hilo, akiwa na makao yake Moshi.

Oktoba 1896 alielekea Meru. Karibu naye walikuwapo wamisionari wawili vijana wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wenyeji wa nchi za Baltiki zilizokuwa chini ya Urusi, waliotaka kuanzisha kituo pale Akeri. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba mashujaa wa Kiarusha na Kimeru walishambulia, na wamisionari wote wawili wakauawa. Inafaa kuzingatia kwamba wenyeji hawakuwa na sababu ya kumtofautisha mzungu aliyekuja na Biblia na yule aliyekuja na bunduki, ikiwa wote wawili walifika kwa njia moja, katika siku zile zile. Kifo cha vijana hao kilikuwa cha kusikitisha. Lakini kilitokea kando ya kambi ya jeshi.

Johannes alirudi kabla mwezi haujapita sana, akiwa na askari wake na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga walioongozwa na wamangi wao. Mashamba ya migomba yaliharibiwa, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uchagani. Kwa Wachaga wengi hiyo ilikuwa nafasi ya kulipiza visasi vya zamani na kupata mifugo. Johannes alilijua hilo, na pengine ufundi wake mkubwa ulikuwa huo wa kutumia uhasama uliokuwapo kabla yake.

Katika kumbukumbu za Kijerumani vita hivyo viliitwa msafara wa adhabu, na istilahi hiyo imeingia katika vitabu vya Kiswahili pasipo kuhojiwa. Ni neno linalobeba hukumu ndani yake. Anayeadhibiwa ni yule aliye chini ya mamlaka ya anayeadhibu: mtoto kwa mzazi, raia kwa dola. Mwaka 1896 Waarusha na Wameru hawakuwa wametiwa chini ya mamlaka ya mtu yeyote kutoka Berlin, wala hawakuwa wamekubali kuwa raia wake. Walichopigwa ni vita, na Kiswahili kinalo neno hilo. Mwandishi anayeendelea kusema "adhabu" anakubali, hata kama hakukusudia, kwamba haki ilikuwa upande wa Johannes.

Miaka ya 1899 na 1900 boma la mawe lilijengwa Arusha kwa kazi ya kulazimishwa. Luteni Georg Küster, aliyekuwa na amri pale, alipewa na wenyeji jina la Bwana Fisi. Waarusha husema Kimaa, na Wameru husema Kirwa, lugha iliyo jamaa ya Kichaga. Lakini jina lililodumu ni la Kiswahili. Lugha iliyoletwa kuamrisha ilikwisha kuwa, katika muda mfupi sana, lugha ya kumsengenya mwenye amri. Pamoja na jina hilo yalikuja maneno mengine yasiyochekesha: kiboko, na "hamsa ishirini", yaani idadi ya mapigo.

Tarehe 2 Machi 1900, Johannes aliwanyonga Moshi viongozi 19 kwa tuhuma ya kula njama. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli, Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Lobulu wa Meru. Tuhuma hiyo ilihusishwa kwa kiasi kikubwa na Mangi Marealle wa Marangu, ambaye alinufaika na kuondoka kwa wapinzani wake. Kwa siku moja milima miwili ilinyang'anywa watu waliojua kusema "hapana" kwa niaba ya wengine. Walowezi walipoanza kugawiwa ardhi kuuzunguka Mlima Meru miaka michache baadaye, pengo hilo lilionekana. Mwaka 1951, chini ya Waingereza, Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa.

Johannes mwenyewe hakuishia kaskazini. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, akiwa sasa meja, aliongoza jeshi kutoka Kilwa hadi Songea, akafika mwishoni mwa Novemba. Mbinu zilikuwa zile zile za Meru kwa kipimo kikubwa zaidi: kuchoma, kuteka chakula, kisha kunyonga viongozi. Kumbukumbu ya Wangoni walionyongwa huadhimishwa Songea kila mwaka tarehe 27 Februari. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi pale Songea. Miezi miwili kabla yake, taasisi ya makumbusho ya Berlin ilikuwa imetangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umewapata jamaa walio hai wa baadhi ya watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa zama za ukoloni. Fuvu moja lilikuwa na neno "Akida" juu yake. Pwani, akida ni cheo, na Wajerumani walikitumia kwa watumishi wa serikali yao. Msomaji wa Kiswahili angedhani ni fuvu la mmoja wao. Kumbe lilikuwa la mshauri wa karibu wa Mangi Meli, na ukoo wake ulikuwa bado upo Kilimanjaro. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.