Mlima Magara hauli magari: historia fupi ya mfuniko wa rejeta

Baba mdogo wangu ana kovu kwenye mkono wa kulia, linaanzia kiganjani na kuishia karibu na kiwiko. Alilipata mlima Magara, kwenye ile barabara inayotoka Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu. Pikapu yake ya dizeli, ya miaka ya 1980, ilikuwa imebeba saruji. Katikati ya mlima ikachemsha. Akashuka, akashika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, akauzungusha. Maji yakaruka na mvuke wake, mkono ukaungua, mfuniko ukapotelea bondeni.

Fundi alikuta mkanda wa feni umelegea na hedi gasketi imeungua. Mitamba miwili ikauzwa, hedi ikapelekwa kusawazishwa, mkanda ukabadilishwa. Mfuniko ukatafutwa mwingine wowote "unaoingia". Mwezi haujaisha, gari likachemsha tena, mlima uleule.

"Mlima huu unakula magari," wazee wakasema. Nilikuwa sekondari wakati huo, sikuwa na jibu. Leo ninalo, ila inabidi tuanzie mbali kidogo, Ujerumani.

Gari la Karl Benz la mwaka 1886 halikuwa na rejeta kama tunayoijua. Injini ilizungukwa na maji, yakipata moto yanachemka na kutoka kama mvuke. Yaani kuchemsha hakukuwa ubovu, ndivyo lilivyopoa! Tatizo ni kwamba maji yaliisha haraka. Agosti 1888, mke wake Bertha Benz aliendesha gari la aina hiyo na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kilomita 100 hivi. Njiani alilazimika kusimama mara kwa mara kuongeza maji, na kwenye milima mikali gari lilisukumwa. Nani kati yetu hajawahi kusukuma gari?

Mwaka 1900 Wilhelm Maybach akaja na rejeta ya sega la nyuki kwa ajili ya gari jipya la Mercedes. Ilikuwa na mirija midogo 8,070, upepo unapita ndani yake na maji yanapita katikati. Lita 9 za maji zikatosha, na maji yaleyale yakawa yanazunguka bila kupotea. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa 1908, nyingi hazikuwa hata na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe na ya baridi yakashuka, kama kwenye sufuria ya uji.

Lakini magari hayo yote yalikuwa na ukomo mmoja: maji yakifika kiwango chake cha kuchemka, basi. Suluhisho likawa mfuniko wenye springi na mpira, ambao hadi miaka ya 1950 ulikuwa umeenea. Springi inabana, presha ndani ya rejeta inapanda, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Ni kanuni ileile ya sufuria ya presha ya kupikia maharage.

Sasa turudi nyumbani. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema, takribani nyuzi 1 kwa kila mita 300. Ziwa Manyara liko mita 960 hivi juu ya bahari. Ukishapanda ukuta wa Bonde la Ufa na kufika mita 1,800, maji ya kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 94. Ndiyo maana maharage ya Mbulu yanakula kuni!

Injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95. Kwa hiyo rejeta isiyobana presha, ukiwa Mbulu, iko ukingoni muda wote. Ukiweka mfuniko mzima wa baa 0.9, maji hayohayo hayachemki mpaka yafike kama nyuzi 115. Nyuzi 21 za usalama zinashikiliwa na springi na kipande cha mpira. Mfuniko wa baba mdogo ulikuwa wa gari jingine. Ulifunga, lakini haukubana.

Barabara zetu zilijulikana kwa kutesa magari zamani. Katika miaka ya 1960 mashindano ya East African Safari yalipita Mbulu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka mmoja kabla, ushindi ulikuwa wa Tommy Fjastad na Bernhard Schmider, ndani ya Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Gari hilo halina rejeta kabisa, linapozwa na upepo wa feni. Halina maji ya kuchemka, wala mfuniko wa kupotea.

Wewe mwenye gari la maji, anza na vitu rahisi kabla hujauza mtamba. Injini ikiwa ya baridi kabisa, angalia kiasi cha maji. Kagua mpira wa mfuniko kama umepasuka na springi kama imelegea, na soma namba ya presha iliyoandikwa juu yake, ilingane na ya gari lako. Bonyeza mkanda wa feni. Tazama rejeta kwa nje: wanaofanya kazi kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, Hanang, wanajua makapi yanavyoziba. Kwa ndani adui ni maji yenye chumvi na madini, ambayo huacha ukoko kama ule wa ndani ya birika. Usijaze maji ya Ziwa Balangida, tumia kulanti au hata maji ya mvua.

Kuna fundi atakwambia, "toa themostati, tupa." Usikubali haraka. Bila themostati injini huchelewa kupata joto, inakula mafuta na kusagika. Kwenye baadhi ya injini, maji ya moto hukatisha njia bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi. Hedi gasketi ishuku ukiona mapovu kwenye rejeta, oili iliyogeuka kama maziwa, au moshi mweupe usiokoma.

Ikichemsha mlimani, simama pembeni, zima, weka jiwe nyuma ya tairi, subiri. Nusu saa si nyingi. Usifungue mfuniko wa moto, na usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, chuma kitapasuka.

Baba mdogo alinunua mfuniko sahihi. Bei yake haikufika hata ya kuku. Gari lilipanda Magara miaka mingine minne, likauzwa likiwa zima. Mitamba haikurudi, na kovu lipo. Nikimweleza habari za presha anacheka, ananyoosha mkono na kusema, "Mwanangu, hilo somo mimi nililipia ada mapema."