Waliopigwa Picha Bila Kuulizwa Jina

Oktoba 1860, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walitoka Bagamoyo na msafara wao wakapanda na bonde la Mto Kingani, huu huu tunaouita Ruvu, wakikata nchi ya Wazaramo kuelekea bara. Katika mizigo ya wapagazi mlikuwa na kamera. Speke alieleza baadaye katika kitabu chake walivyogawana kazi. Yeye alishika ramani. Grant alipewa mimea, vipimajoto, kipimamvua na upigaji picha. Lakini baada ya muda Speke akavirudisha vyombo vya picha kwa kuona kwamba kazi ile ilikuwa nzito mno kwa hali ya hewa ya huku. Grant akaishia kuchora kwa rangi za maji.

Anayejua picha za zama zile zilivyopatikana hatamlaumu. Bamba la kioo lilipakwa dawa gizani, likatiwa kwenye kamera likiwa bado bichi, kisha likakimbizwa hemani kusafishwa kabla dawa haijakauka. Yote hayo ndani ya dakika chache, katika joto la bondeni, ndani ya hema lililozibwa kila tundu. Anayepigwa naye alitakiwa asimame tuli. Akigeuza shingo, picha imekwenda. Kwa hiyo Mzaramo wa 1860 aliyekutana na kamera njiani alikuwa na kinga ambayo sisi hatuna: hakuna aliyeweza kumvizia.

Kinga hiyo ilimalizwa na ufundi. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikavuka Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kufikia wakati huo mabamba makavu yalikuwa yanauzwa yakiwa tayari, na kufunga na kufungua lenzi kulichukua chini ya nukta moja. Dar es Salaam alikuwapo Walther Dobbertin, Mjerumani aliyeishi kwa biashara ya picha, aliyepiga askari, wafanyakazi wa mashambani, masoko na barabara. Picha zake nyingi sasa zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, na tangu mwaka 2008 sehemu kubwa inatazamwa na yeyote mwenye intaneti.

Nenda ukazitazame, kisha soma maelezo yaliyo chini yake. Mara kwa mara mzungu ana jina na cheo. Mwafrika ana kabila au kazi. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwenye postikadi za Zanzibar, zilizouzwa na studio za watu wenye asili ya Goa kama A. C. Gomes na ndugu Coutinho: mwanamke wa Kiswahili, muuza maji, mchukuzi. Muuza maji yule alikuwa na jina, mke na madeni. Sura yake ilisafiri hadi Hamburg na London kwa stempu ya senti chache, wala hapana ushahidi kwamba yeye mwenyewe aliwahi kushika nakala. Kwangu mimi dhuluma kubwa iko hapo. Kubonyeza kitufe bila kuomba ruhusa ni kukosa adabu, na kukosa adabu kunasameheka. Ila picha ikishaondoka moja kwa moja mikononi mwa mwenye sura, hilo ni jambo jingine.

Ulaya na Marekani nako walikuwa wakiviziana. Mwaka 1928 Erich Salomon aliingiza kamera ndogo katika mahakama ya Berlin akiwa ameificha ndani ya kofia. Walker Evans, kati ya 1938 na 1941, alipanda treni za chini ya ardhi za New York akiwa na kamera chini ya koti, akawapiga abiria waliokaa mbele yake bila wao kujua. Nampa Evans sifa moja: kitabu cha picha hizo hakukitoa hadi mwaka 1966, baada ya robo karne, ili muda upite kati ya zile sura na wasomaji.

Na ipo picha moja inayotuhusu zaidi. Martin Munkácsi, Mhungari aliyefanya kazi na magazeti ya Berlin, alipiga wavulana watatu weusi wakikimbilia mawimbini, wamempa mgongo. Kwa miaka mingi picha hiyo imeitwa ya Ziwa Tanganyika, ingawa wapo watafiti wanaosema ilipigwa Liberia. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa anayetajwa kuwa bingwa wa picha za ghafla za barabarani, alisema ndiyo iliyomsukuma kuchukua kamera. Yaani fani nzima inayofundishwa vyuoni inamtaja babu yake kuwa picha ya vijana watatu ambao hatujui majina yao, na hata ufuko wenyewe una ubishi.

Picha ya mtu asiyeulizwa inaweza pia kuokoa maisha, na hapo hasira yangu hupungua. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha kampuni yake ya Camerapix hukohuko mwaka 1963, alipeleka kamera Korem, Ethiopia, Oktoba 1984. Wenye njaa waliolala pale chini hawakusaini karatasi yoyote. Dunia ilipowaona kwenye televisheni ilichanga mamilioni.

Turudi Ruvu, kwenye stesheni ya reli. Mwaka 1963 ilifunguliwa reli ya kwenda Mnyusi, ikiunganisha njia ya kati na ile ya Tanga, na mahali hapa pakawa njia panda. Mwaka huohuo, jirani pale Kibaha, nchi za Nordiki zilianza mradi uliokuja kuwa Shirika la Elimu Kibaha, wenye shule ambayo imetoa wahitimu wengi mno. Palipo na wahitimu pana mahafali, na kwenye mahafali ndipo tulipopata picha ya kuvizia ya kwetu wenyewe.

Wewe umekaa chini ya turubai na soda mkononi, unamcheka mjomba. Flashi inawaka. Aliyepiga hakusalimii wala haulizi. Ameshahamia meza ya pili. Enzi za mkanda wa picha thelathini na sita, alikuwa na kijana wa kuukimbiza mjini kusafisha, na kabla sherehe haijaisha picha zilikuwa zimerudi, zimetandazwa chini getini, mstari juu ya mstari, kwenye kipande cha turubai. Wageni wakitoka wanainama kujitafuta. “Mama, wewe huyu hapa, umependeza!” Bei inaanzia juu, inashuka kadiri watu wanavyopungua.

Biashara hii haijaandikiwa vitabu vingi kama ya akina Evans, na sioni sababu. Ina kanuni kali kuliko yao. Kila nakala isiyonunuliwa ni hasara ya mpiga picha, tena hasara ya pesa aliyokwisha kuilipa maabara. Kwa hiyo alijifunza kutompiga mtu mdomo wazi amejaza pilau, wala amesinzia. Alisubiri ucheke. Alihakikisha mtoto yumo, maana mzazi hawezi kuiacha picha ya mwanawe vumbini. Mnunuzi alikuwa yuleyule aliyepigwa, na hilo lilimtia mpiga picha adabu ambayo hakuna mwalimu aliyemfundisha. Dosari ilikuwapo: kijana asiyekujua angeweza kununua picha ya binti yako akaondoka nayo, na hapakuwa na wa kumzuia zaidi ya macho ya watu.

Vitu vililindwa mapema kuliko watu. Kila aliyekulia upande huu anajua kwamba huinui kamera karibu na kambi ya JKT Ruvu, wala hulipigi picha daraja la reli ukitaka kulala nyumbani. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, nayo iliingia na mabadiliko ya mwaka 1984, lakini mpita njia wa Mlandizi angeanzia wapi kuidai? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na sasa ipo Tume ya kupokea malalamiko. Septemba mwaka huohuo mamlaka ya Kenya iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto.

Hao ni wenye ofisi na anuani. Tangu Juni 14, 2024 treni ya umeme inapita Pugu, Soga na Ruvu ikielekea Morogoro, na kila abiria ana kamera mfukoni. Anayempiga mwenzake aliyesinzia akairusha kwenye kundi la WhatsApp na maneno ya kejeli hahitaji kusubiri miaka ishirini na mitano, wala hapotezi hata senti picha isiponunuliwa.

Wapiga picha wa mahafali hawajatoweka. Baadhi yao wana printa ndogo za kubeba, lakini wateja, hasa vijana, hawataki tena karatasi. Wanataka watumiwe kwenye simu. Ili aitume, mpiga picha inambidi aombe namba na jina la kuihifadhia. Wapo wanaokataa kutoa, hasa akina dada, naye anaifuta picha mbele yao na kuhamia meza nyingine.