Ngozi kwa Ngozi: Kifua cha Mzazi na Uhai wa Mtoto Njiti

Mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito, ambaye wengi wetu twamwita njiti, huja duniani akiwa na ngozi nyembamba na mafuta haba mwilini. Hupoteza joto upesi, na ubaridi ambao mtu mzima hata hausikii waweza kuuondoa uhai wake. Twaeleza hapa namna ya kumtunza kifuani mwa mzazi, kwa kuwa familia nyingi huisikia kwa mara ya kwanza zikiwa tayari wodini, katika hofu.

Asili yake

Njia hii ilianza mwaka 1978 mjini Bogotá, nchini Kolombia, katika hospitali ya Instituto Materno Infantil. Mashine za kuwatunzia watoto joto zilikuwa chache, wodi zikajaa, na maambukizi yakaenea. Daktari Edgar Rey Sanabria aliwakabidhi akina mama watoto wao wawabebe kifuani. Baadaye mwenzake, Héctor Martínez, aliungana naye. Kwa kuwa kangaruu hukuza mwanawe mfukoni mwa mwili wake, njia hiyo ikapewa jina la mnyama huyo.

Namna ya kumbeba

Mtoto huvikwa nepi, kofia na soksi tu. Huwekwa wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu ikiwa imekunjwa kama ya chura. Kichwa hugeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa isizibe. Kisha hufungwa kwa kanga au kitambaa imara, na mzazi hujifunika juu yake. Hulishwa maziwa ya mama. Asiyeweza kunyonya hupewa kwa kikombe au mpira, kwa uangalizi wa muuguzi.

Yaliyothibitishwa

Zamani ilidhaniwa kwamba sharti mtoto atengemae kwanza. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukatangazwa mwaka 2021, uliwahusu watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Miongoni mwa waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, asilimia 12.0 walifariki katika siku 28 za kwanza. Miongoni mwa waliongojea kutengemaa, asilimia 15.7. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto hawa wabebwe hivyo mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Matibabu mengine huendelea sambamba. Mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe huhitaji kwanza msaada wa wataalamu.

Wajibu wetu

Saa hizo ni nyingi kwa mama aliyetoka kujifungua, pengine kwa upasuaji. Kifua cha baba kina joto lile lile, wala kumbeba mwana hakumpunguzii mwanamume heshima yake. Bibi, shangazi na mama mdogo nao waweza kupokezana.

Baada ya kuruhusiwa, ubebaji huendelea nyumbani. Mtoto akipumua kwa shida, akikataa kunyonya, akiwa wa baridi au wa moto kupita kiasi, akigeuka manjano au akipata degedege, arudishwe hospitalini bila kukawia.

Nasi katika jumuiya ndogo ndogo tunayo sehemu yetu. Mama aliyefungwa mtoto kifuani hawezi kuteka maji wala kupika. Tukimpikia, tukimfulia na kuwaangalia watoto wake wengine, twamwezesha kuendelea kuketi na mwanawe.