Skrini Iliyolala, Kengele Iliyokesha

Saa nane na nusu usiku sista wa zamu alinipigia simu: "Fundi, mashine ya kitanda cha nne imelala." Nilipofika alikuwa ameshamhamishia mgonjwa kwenye mashine nyingine. Ile iliyolala ilikuwa inawaka vizuri tu. Namba zote zipo, mstari wa mapigo ya moyo umesimama katikati ya skrini kama uzi uliokatikia kwenye cherehani, na saa ya pembeni imegoma kwenye 02:11. Nikabonyeza vitufe vyote, hakuna kilichoitika. Nikajibana mwenyewe kile kibanio cha kidoleni, nikangoja kidogo, nikakichomoa. Kengele ikalia papo hapo.

Nilisimama pale nikiisikiliza. Skrini haina habari, lakini ndani kuna mtu yuko macho.

Hospitali sitaitaja, wala mtengenezaji, wala kilichokuwa ndani ya mashine ile. Mtengenezaji alituma toleo jipya la programu na mambo yakaisha. Kwangu hayakuisha. Nina miaka mingi kwenye vifaa tiba na nilikuwa nadhani mashine ni moja. Usiku ule niliona ni mbili zinazoishi kwenye boksi moja, nikataka kujua zilikutanaje. Kwa mashine za kizazi hiki, njia iliyonifundisha zaidi ni ile iliyoanzia Trondheim, Norway, na kwa bahati nzuri ilianzia hospitalini.

Mwaka 1990 vijana wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, walikuwa wanaandika programu ya kuhifadhi picha za ultrasaundi. Ilitakiwa ifanye kazi kwenye Unix, Macintosh na Windows, na kila mfumo kati ya hiyo ulichora dirisha na kitufe kwa namna yake. Siku moja ya kiangazi waliketi kwenye benchi nje, Haavard akasema wanahitaji mfumo wa kuchora, na mazungumzo hayo yakazaa wazo la mfumo mmoja unaokwenda kote. Mwaka uliofuata Haavard akaanza kuuandika. Mwaka 1992 Eirik akaja na wazo ambalo mpaka leo ndilo roho ya kazi yao: kitufe kinatoa ishara, na yeyote aliyejiandikisha kuipokea anaipokea, bila kitufe kumjua. Kampuni ikasajiliwa 1994, toleo la kwanza la hadharani likatoka Mei 1995. Jina ni Qt. Herufi Q ilichaguliwa kwa sababu ilionekana nzuri kwenye fonti ya kihariri cha Haavard, sababu ambayo mimi naiheshimu kuliko nyingi nilizowahi kusikia za kuipa bidhaa jina.

Kitu cha aina hii wenye fani hukiita kiunzi. Mifupa imeshasimamishwa: madirisha, vitufe, orodha, fonti, picha. Wewe unaongeza nyama.

Nyumba ambayo kiunzi hicho kingekuja kuhamia ilijengwa upande wa pili wa Atlantiki, na ni ya zamani zaidi. Gordon Bell na Dan Dodge, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, walianzisha kampuni mwaka 1980, na miaka miwili baadaye wakatoa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM ulioitwa QUNIX. Jina lilifanana mno na Unix ya wenyewe, likakatwa likawa QNX. Kiini chake ni kidogo kupita kiasi. Kinagawa zamu na kupitisha ujumbe, basi. Draiva, mafaili na mtandao vyote vinakaa nje ya kiini kama programu za kawaida. Draiva ikifa, unaiwasha tena na mashine inaendelea. Katika miaka ya tisini waliwahi kuonyesha ubabe wao kwa flopi moja ya 1.44 MB iliyobeba kiini, madirisha na kivinjari cha intaneti.

QNX ni mfumo wa "wakati halisi", na watu wengi wakisikia hivyo hudhani ni mwendo kasi. Sivyo. Ni ahadi. Tuseme mashine inasoma umeme wa moyo mara 500 kwa sekunde. Kila milisekunde 2 kuna kazi lazima ifanyike, na kompyuta yenye nguvu mara kumi inayochelewa mara moja kwa saa haifai kitu. Kwa hiyo kila kazi hupewa cheo, na mwenye cheo cha juu akiamka, wa chini anaachia kichakataji hapo hapo, hata kama alikuwa katikati ya sentensi.

Utaratibu huu nao una mitego yake. Julai 1997 chombo cha Mars Pathfinder, kilichokuwa kikiendeshwa na VxWorks, mfumo mwingine wa jamii hii, kilianza kujizima na kujiwasha kikiwa huko Mars. Kazi ya cheo cha chini, ya kukusanya habari za hali ya hewa, ilikuwa imeshika kufuli iliyohitajiwa na kazi ya cheo cha juu. Ni kama mkurugenzi anayesubiri ufunguo wa stoo ulio mfukoni mwa mfagizi, na mfagizi hapiti kwenye korido kwa sababu maofisa wa kati wameijaza. Mlinzi wa muda aliona mkurugenzi kachelewa, akazima nyumba nzima. Dawa ilitumwa kutoka duniani: mfagizi apewe cheo cha mkurugenzi mpaka arudishe ufunguo. Swichi ya kumpa cheo hicho ilikuwemo ndani ya VxWorks tangu mwanzo. Ilikuwa imezimwa.

Sasa mwingize Qt kwenye nyumba za aina hii. Amekulia kwenye majumba makubwa ya kompyuta za mezani. Amezoea kumkuta mtu wa kumpangia madirisha, diski yenye fonti za kila aina, na kumbukumbu ya kuchota wakati wowote bila kuuliza. Hatua ya kwanza ilikuwa mwaka 2000, walipotoa toleo la vifaa vidogo lililoacha kumtegemea mpanga madirisha na kuchora pikseli zake moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini. Lakini lilikuwa la Linux, na tabia za Unix lilikuja nazo.

VxWorks ilimpokea kama mwenye nyumba mkali. Hakuna fork, ule wito ambao programu za Unix huutumia kujizalisha. Programu ikipakiwa ndani ya kiini haina main. Unaianzisha kazi kwa kutaja jina la funksheni, na majina yote ya nyumba nzima yamo kwenye daftari moja, hivyo wawili wakifanana majina ni ugomvi. Hata vitu vya C++ vinavyotakiwa kujijenga kabla programu haijaanza havijijengi vyenyewe. Lazima kwanza upitishe kazi yako kwenye programu ndogo iitwayo munch ivikusanye, na ukisahau utapata kiunzi kinachoamka nusu mfu. QNX ilikuwa na moyo zaidi, kwani inafuata POSIX, kanuni za jamii ya Unix, ingawa nayo ilikataa fork kwa programu yenye nyuzi nyingi, yaani kazi nyingi zinazokwenda pamoja ndani yake, na Qt hutumia nyuzi. Qt 4.6 ilipotoka Desemba 2009, wakati huo mali ya Nokia, mifumo hiyo miwili ilikuwa imeshaingia kwenye orodha yake.

Kilichorahisisha uhamaji ni mradi walioupa jina la Lighthouse. Badala ya kuandika upya chini kwa kila nyumba, walikata Qt kiunoni. Juu hapaguswi, chini unaleta kipande chako kinachosema skrini ni ipi, dirisha ni lipi, mguso unatokea wapi. Mradi huo ulionekana kwenye 4.8 mwaka 2011, na katika Qt 5, Desemba 2012, ukawa ndiyo njia yenyewe.

Nilijaribu kwa mkono wangu, kwenye ubao mdogo na leseni ya majaribio ya QNX. Wiki mbili za jioni zilikwenda kwenye kompaila peke yake. Jumamosi moja dirisha likatokea, nikamwita mke wangu aje aone. Vitufe vinne vizuri, vyote havina neno hata moja. Ubao haukuwa na fonti. Nikanakili faili moja ya fonti, maneno yakaja. Nikagusa kitufe cha juu kushoto, kikaitika cha chini kulia. "Hiyo ndiyo ya hospitali?" akaniuliza. Nikamwambia bado.

Kwa watu wengi Qt, mgeni wetu, alifika mkononi kwa jina lingine kabisa. BlackBerry, ambayo wakati huo iliitwa RIM, iliinunua QNX mwaka 2010, na tarehe 30 Januari 2013 ikazindua BlackBerry 10: QNX chini, Qt katikati, na juu yake Cascades, kazi ya Waswidi waliowanunua pia. Shemeji yangu aliniletea Z10 kutoka Dubai. Nilikuwa naipangusa skrini kwa kidole gumba bila kujua kwamba nimeshika ndoa ya Trondheim na Waterloo. Simu haikuuzika, na huduma zake zilizimwa tarehe 4 Januari 2022. Photon, kiunzi cha nyumbani cha QNX, kilikuwa kimetangulia kaburini: toleo la 7.0 la mwaka 2017 halikuwa nacho. Mgeni alibaki na chumba.

Lakini alibaki mgeni. Hapa natofautiana na vipeperushi vya wauzaji vinavyoandika Qt na "wakati halisi" kwenye mstari mmoja. Qt huomba kumbukumbu katikati ya kazi, na muda wa kuipata hautabiriki. Hakuna aliyeubadilisha ukweli huo kwa kumhamishia Qt kwenye QNX. Wanachofanya wajenzi wenye akili ni kumpa cheo cha chini, na kuweka usomaji wa moyo na kengele mahali asipoweza kufika hata akichanganyikiwa. Usiku ule wa kitanda cha nne niliona ujenzi huo ukifanya kazi. Kilichoharibika ni kile kilichoruhusiwa kuharibika.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimuuguza mtu ukaona skrini imeganda, mwite sista mara moja na usiguse swichi. Ukiizima, na yule aliye macho utakuwa umemzima.