Namba 116: Msaada kwa Simu kwa Watoto Wanaofanyiwa Ukatili

Nchini Tanzania, Huduma ya Simu kwa Mtoto hupatikana kwa kupiga namba 116 bila malipo. Jirani naye anaweza kupiga. Mshauri husikiliza kwanza, kisha huelekeza shauri kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Aliyebakwa asingoje: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Binti aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya shule, kisha akatumikishwa, analindwa na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, hata kama mwenyewe aliridhia safari. Anayetumia simu ya kuazima, hasa ya mtu wa nyumba hiyo hiyo, afute namba kabla ya kuirudisha.